Mikono ya Mama Wande

Wewe uliye mlangoni, ingia ukae. Na wewe unayechambua mboga, endelea tu, hadithi haizuii kazi. Lakini sikiliza mpaka mwisho, kwa sababu mwishoni utaulizwa wewe, na hutaruhusiwa kusema kwamba hukusikia vizuri.

Palikuwa na wasichana watatu katika kitongoji cha Ilagaja, kwenye machimbo madogo ya dhahabu, ambako vumbi la mashine za kusaga mawe hufanya hata kuku weupe waonekane wa kijivu.

Wa kwanza aliitwa Milembe, na kipaji chake kilikuwa jicho. Akipita mahali mara moja, aliweza kukuambia mlango upi una bawaba mbovu, nani amebadilisha khanga tangu asubuhi, na mbuzi yupi anachechemea mguu wa nyuma. Aliacha shule akiwa kidato cha pili, mama yake alipojifungua mapacha na kukosa mtu wa kumsaidia.

Wa pili aliitwa Nyanzobe, na kipaji chake kilikuwa sikio. Alimtambua mtu kwa ndala zake kabla hajabisha hodi. Mashine ya kusaga mawe ikianza kuharibika, yeye ndiye aliyeanza kusema, siku mbili kabla mwenyewe hajajua. Aliishia darasa la saba. Alifaulu, lakini shule aliyopangiwa ilikuwa mwendo wa saa tatu kwa miguu, kwenda tu.

Wa tatu aliitwa Wande, na kipaji chake kilikuwa ulimi. Akienda kuomba chumvi kwa jirani, alirudi na chumvi, na mboga, na salamu kwa mama yake. Aliacha kidato cha tatu ili amchotee mama yake maji. Kwa nini mama mtu mzima hakuweza kujichotea, utajua baadaye.

Juu ya ulimi huo, Wande alikuwa na uso ambao watu walipenda kuutazama. Hapo ndipo jicho la Milembe lilipoumia. Wivu wa Milembe haukuwa wa kutukana wala wa kusengenya. Ulikuwa wa kuhesabu. Wakipita sokoni watatu, alihesabu wangapi wamemsalimu Wande kwanza. Kisimani alihesabu ni mara ngapi watu wamempisha Wande kwenye foleni. Hakumwambia mtu hesabu hizo. Alizibeba mwenyewe, na kila siku zilizidi uzito.

Basi alikuja mgeni kutoka mjini, mwanamke kijana aitwaye Dada Tunu, ambaye chama chao kilifundisha wasichana kutengeneza filamu za maisha halisi. Alipata chumba kwenye ofisi ya kijiji, akafungua sanduku lake. Ndani mlikuwa na kamera moja, kinasa sauti kimoja, na daftari.

"Filamu hizi hazina waigizaji," aliwaambia. "Zinaonyesha mambo ambayo watu wanayapita kila siku bila kuyaona. Wakiyaona pamoja, wamekaa sehemu moja, mara nyingine wanaamua kuyabadilisha."

Kamera alimpa Milembe. Kinasa sauti alimpa Nyanzobe. Kuuliza maswali na kusimama mbele ya kamera akampa Wande.

Milembe alipoiweka kamera begani, alisema moyoni, leo na mimi watanitazama. Kisha akachungulia kwenye kioo chake, na katikati ya kioo, akitabasamu na kurekebisha kilemba, alikuwa nani? Wande. Hapo akaelewa kwamba kushika kamera ni kumtazama Wande kutwa nzima, na kwamba sasa hesabu zake zitahesabiwa kwa mamia.

Dada Tunu akawauliza, "Hapa Ilagaja, kitu gani kinawaumiza watu na hakuna anayekitaja?"

Nyanzobe akasema, "Milango."

"Milango ipi?"

"Ile inayofungwa mchana. Mimi naisikia. Saa nane, saa tisa, ka, ka, ka, nyumba kwa nyumba."

Wenzake walijua anachosema, ila hawakuwahi kusikia kikisemwa. Wanawake wa Ilagaja huosha mchanga wa dhahabu kwenye mwalo, pale penye mabomba na madimbwi. Huchanganya ule mchanga na zebaki, na zebaki hukusanya chembe za dhahabu zikawa donge jeupe dogo kama punje ya hindi. Donge hilo lazima lichomwe ili zebaki iondoke na dhahabu ibaki. Moshi wake hauonekani vizuri, wala haunuki sana, lakini ni sumu.

Na wanawake hawakulichoma hadharani hata siku moja. Wote waliamini kwamba dhahabu hukimbia jicho la husuda. Mtu mwenye kijicho akilitazama donge likiwa motoni, litanywea kijikoni hadi libaki nusu. Kwa hiyo kila mwanamke alilifunga donge lake kwenye pindo la khanga, akaenda nalo nyumbani, akafunga mlango, akaziba dirisha, akachoma kwenye jiko lile lile la kupikia. Mtoto mchanga amelala hapo hapo kitandani. Nesi wa zahanati alishakuja mara mbili kuwakataza. Walimwitikia vizuri, wakamsindikiza, wakarudi kufunga milango.

Wasichana walikwenda nyumba hadi nyumba kuomba kupiga picha. Hakuna aliyefungua. Wakashuka mwaloni, na huko Mama Shija, mwanamke mwenye maneno kuliko wote, aliitazama kamera juu mpaka chini.

"Mnataka kuniletea jicho la kioo?" akasema. "Haya macho yenu sita hayatoshi, mmeona mwongeze la saba? Nendeni zenu, dhahabu yangu ni mwoga!"

Wanawake wakacheka mpaka wakamwaga maji.

Hapo ndipo Wande alipofanya kazi yake.

Mama yake Wande alikuwa fundi wa kuchoma dhahabu kuliko wote, na kwa miaka sita sasa mikono yake ilikuwa inatetemeka. Alipokwenda sokoni aliificha ndani ya khanga. Msibani alikataa chai, hata kama ana kiu, ili watu wasione kikombe kikicheza. Watu walisema anakunywa gongo. Wengine walisema amerogwa. Yeye hakumjibu mtu.

Wande alimbembeleza siku tatu. Siku ya tatu Milembe na Nyanzobe walikuwa nje ya dirisha wakisubiri, na walisikia yote.

"Mayu, waache waingie," Wande alisema. Ndivyo kule wanavyomwita mama.

"Waje kuona nini? Waone ninavyomwaga?"

"Waone kwamba si pombe. Ni moshi."

Mama akasema, "Na dhahabu ikikimbia?"

"Ikikimbia nitaifuata mwenyewe niirudishe nimeishika masikio."

Mama akacheka kidogo. "Na hilo dude atalishika nani?"

"Milembe."

"Yule mtoto ana jicho kali."

"Ndiyo maana amepewa, Mayu."

"Kali, au baya?"

"Mayu, jamani!"

Nje pale, Milembe aliinama kama anayefunga kamba ya kiatu. Alikuwa amevaa ndala.

Wakapangiwa siku. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali. Mama Wande alikubali kila kitu isipokuwa kuacha mlango wazi. Dada Tunu akawafunga wasichana vitambaa vilivyoloweshwa maji puani, akasema, "Dakika tano, basi. Nikigonga, mnatoka wote, donge liwe limeiva au halijaiva." Mlango ukafungwa. Ka.

Chumba kilikuwa kidogo. Mama Wande alichuchumaa mbele ya jiko, ameshika kijiko cha chuma chenye donge. Nyanzobe alikaa karibu na moto, hedifoni masikioni. Wande alipiga magoti ubavuni mwa mama yake, kitambaa amekishusha shingoni ili aseme. Alikuwa amevaa blauzi ya sikukuu, na nywele alizisuka jana yake, mistari myembamba iliyomaliza nusu siku. Kwenye bati palikuwa na tundu la msumari. Mwale wa jua ulipenya hapo ukatua kwenye shavu lake.

Milembe aliona mara moja kwamba hiyo ndiyo picha nzuri kuliko zote alizowahi kupiga. Akaona na yatakayofuata. Aliwaona watu wa Ilagaja wote wamekaa wakiutazama uso ule ukubwa wa ukuta. Alisikia watakavyosema, Wande, Wande, Wande. Nani atauliza kamera ilibebwa na nani?

Wande akaanza, "Huyu ni mama yangu. Hanywi pombe."

Na mkono wa Milembe ukashuka. Aliishusha kamera taratibu, kidevu kikapita, shanga zikapita, blauzi ya sikukuu ikapita, mpaka ndani ya kioo hapakuwa na Wande hata kidogo. Alitaka tu kumnyima. Chini pale palikuwa na kijiko, na donge jeupe, na mikono miwili ya mwanamke ikitetemeka. Akaiacha kamera hapo. Kwa dakika nne nzima Wande alizungumza na kamera isiyomtazama, na hakujua.

Upande wa pili wa jiko, Nyanzobe naye alikuwa amekunja uso. Chini ya maneno ya Wande alisikia kitu kingine. Kijiko kilikuwa kinagonga ukingo wa jiko: ti-ti-ti-ti-ti. Sauti ndogo, haichoki. Nyanzobe akakitoa kinasa sauti karibu na mdomo wa Wande, akakisogeza jikoni, karibu mpaka joto likamchoma vidole. Alijua kwamba maneno ya Wande yataharibika. Akakiacha huko huko.

Dada Tunu akagonga. Wakatoka wakihema.

Baada ya hapo kazi ikawa ya Nyanzobe. Siku kumi na moja alipanda baiskeli hadi mjini, kwenye chumba cha kompyuta, akakaa na Dada Tunu kuunganisha vipande. Alitoa maneno ya Wande yote isipokuwa yale ya mwanzo: Huyu ni mama yangu. Hanywi pombe. Kisha akaacha mikono tu, na ile sauti tu, dakika nzima.

"Ni ndefu mno," Dada Tunu alisema. "Watu watachoka."

"Iache, Dada. Ikiwa fupi watasema kijiko kimemteleza. Iache mpaka watamani iishe."

Filamu ilionyeshwa Jumapili mchana kwenye ukuta wa ndani wa ghala la pamba, madirisha yamezibwa kwa magunia. Walikuja wote, kwa kuwa wasichana walikuwa wamepiga picha za njiani na sokoni pia, na kila mtu alitaka kujiona. Mwanzoni walipiga kelele na kucheka. "Angalia mbuzi wa Mama Shija, anatembea kama mwenyewe!" Kisha mlango ukafungwa ukutani, ka, na sauti ya Wande ikasema maneno yake mawili matatu, na mikono ikatokea.

Ti-ti-ti-ti-ti.

Kicheko kilikufa. Ti-ti-ti-ti. Milembe, aliyekaa kando ya projekta, hakuitazama filamu, aliwatazama watu. Alimwona Mama Shija ananyanyua mikono yake mwenyewe mbele ya uso, kwenye ule mwanga, anaitazama. Ilikuwa inacheza, kidogo tu, kama jani lisilo na upepo wa kutosha. Mama Shija akaishusha, akaikalia.

Filamu ilipokwisha, Mama Wande alisimama. Hakuificha mikono.

"Mmeona," akasema. "Haya, nani ataniita tena mlevi?"

Sauti zikafumuka kama nyuki. Tuache kuchoma nyumbani! Tukachome wapi, mbele za watu? Na kijicho je? Utanilipa wewe ikinywea? Mama Wande akangoja wachoke.

"Tujenge banda," akasema, "kule mbali na nyumba. Vyumba vitano vya bati, kila kimoja na mlango wake na bomba la kutolea moshi juu. Anayeingia afunge. Kijicho kitabaki nje, na moshi utatoka nje, na watoto watalala."

Lilijengwa kwa miezi miwili. Serikali ya kijiji ilitoa mabati, wanaume walichimba mashimo ya nguzo, na ofisi ya madini ikaleta vyungu vya chuma vyenye mfuniko vinavyoirudisha zebaki badala ya kuiacha ipae. Filamu ikapelekwa machimbo mengine sita, na mawili kati ya hayo yakaanza kujenga. Mchana wa saa nane Ilagaja sasa una milango wazi, na kuku wanaingia na kutoka.

Hadithi ingeishia hapo, kila mtu akaenda kulala. Lakini ikaja barua.

Chuo kimoja cha filamu kilikuwa kimeiona ile kazi. Kilitoa nafasi ya miaka miwili ya masomo, na kwa mara ya kwanza hakikudai cheti cha kidato cha nne. Barua iliandikwa kwa mtengenezaji wa filamu hiyo. Mmoja. Na fomu iliyoambatanishwa ilikuwa na mstari mmoja wa jina.

"Nimewaandikia," Dada Tunu alisema, na sauti yake haikuwa na furaha. "Nimewaambia wapo watatu. Wamesema nafasi ni moja. Mimi siwezi kuchagua, nimewafundisha wote. Kaeni na wanawake wa mwaloni, mniletee jina moja. Ijumaa naondoka."

Siku hiyo Milembe alifua begi lake la shule, lile la kidato cha pili, ambalo mapacha walikuwa wanalichezea. Alipolianika akatazama ng'ambo. Kwenye kamba ya kina Wande palikuwa na begi, linachuruzika maji. Akatazama upande wa pili. Nyanzobe, ambaye hakuwahi kuwa na begi la sekondari, alikaa barazani akishona la kwake kwa gunia la unga. Watatu wakatazamana. Hakuna aliyepunga mkono.

Ijumaa asubuhi walikaa kwenye mkeka mbele ya banda, na wanawake wakawazunguka. Fomu iliwekwa katikati, na kalamu juu yake.

Mama Shija hakungoja. "Kesi hii nyepesi," akasema. "Ile mikono tuliishi nayo miaka sita. Tulisalimiana nayo. Nani aliiona? Milembe! Andikeni tuondoke, nina mchanga unaningoja."

Wanawake wakapiga makofi. Milembe aliyasikiliza makofi yale. Yote yalikuwa yake, hakuna hata moja la Wande. Alihesabu.

"Mikono ilikuwa ya mama yangu," Wande akasema, na ulimi wake, uliozoea kubembeleza, leo ulikuwa mkavu. "Mlango ulikuwa wetu. Aibu ilikuwa yetu. Nani mwingine humu aliitoa aibu ya mama yake ikatazamwe ukutani? Milembe angepiga picha ya nini, ya bati?"

"Na mimi?" Nyanzobe alisema. Aliongea kwa nadra hata wanawake wakageuka kuhakikisha ni yeye. "Tangu ile Jumapili kila mtu Ilagaja anagonga kikombe. Watoto wanaimba ti-ti-ti. Wewe, Mama Shija, unagonga beseni kila unaponiona, unacheka. Umewahi kuuliza nani aliisikia? Sauti haina uso, ndiyo sababu. Ningetoa ile sauti, mngeona mwanamke anapika."

"Lakini wewe ulinikata!" Wande akamgeukia. "Nilisema dakika nne. Nilimsemea mama yangu dakika nne, ukabakiza maneno sita."

"Nilikukata, na ndiyo maana wakasikia."

"Na ulifurahi kunikata."

Nyanzobe akatazama mikono yake, penye kovu la jiko. "Kidogo," akasema. "Nilifurahi kidogo."

Mama Shija akapasuka kicheko, na wengine wakafuata. Wande mwenyewe akaanza kucheka huku machozi yanatoka, kisha akajifuta.

"Haya, na mimi niseme," akasema. "Siku ile nilisuka nywele. Mama yangu anakwenda kuonyesha ugonjwa wake, mimi nashinda kusukwa. Nilitaka wanitazame mimi."

Milembe alihisi macho yote yanamjia. Yeye alikuwa na makofi tayari. Hakuna aliyekuwa anamdai neno. Angekaa kimya tu, kwa muda wa kuandika jina moja, na begi lingesafiri. Aliitazama fomu, akautazama mstari mtupu. Kisha macho yakaenda, kwa mazoea, kwenye mikono ya Mama Wande iliyolala mapajani, wazi, inatetemeka mbele za watu bila kufichwa.

"Mimi sikuiona mikono," Milembe akasema.

"Unasemaje?"

"Siku ile. Nilimwona Wande. Jua lilikuwa shavuni mwake, amependeza, nikajua mtamtaja yeye tu. Nikaishusha kamera ili asionekane. Ilipofika mikononi ndiyo nikasimama, kwa sababu pale hakuwepo. Nilikuwa na kijicho. Dakika nne zote. Mama Wande aliuliza kama jicho langu ni kali au baya, nikamsikia. Lilikuwa baya."

Wande alimtazama bila kupepesa. Wanawake walianza kuongea wote kwa mpigo. Mmoja alisema basi jina lifutwe, kwani picha ilijipiga yenyewe, na huyu alikuwa na shughuli zake za husuda. Mwingine akasema hapana, angeweza kuishusha kamera kwenye jiko, au kuielekeza ukutani, na jicho lisilojua kuona lisingekaa pale dakika nne. Wa tatu akasema aliyekiri akiwa ameshashinda anastahili kushinda mara mbili. "Au anajua kwamba tutasema hivyo," akajibu wa nne.

"Ngojeni," Mama Shija akasema. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Ngojeni kwanza. Kijicho kilikuwemo ndani ya chumba, mlango umefungwa, kinalitazama donge dakika nne. Mama Wande, siku ile dhahabu yako ilinywea?"

Mama Wande alifikiri. Wanawake wote walimkazia macho, kwa maana hili hata nesi hakuwahi kuwauliza.

"Haikunywea," akasema. "Ilibaki vile vile."

Mwanamke mmoja aliitazama ile milango mitano ya banda, kisha akainamisha kichwa.

"Sasa wewe amua," Mama Shija akamwambia Mama Wande, taratibu. "Mikono ni yako."

Mama Wande akaichukua kalamu. Akaisogeza kwenye mstari. Kalamu ikacheza, ikagonga karatasi, ti-ti, ikaacha nukta ndogo nyeusi, na haikusonga mbele.

"Siwezi," akasema. "Na si kwa ajili ya mikono. Mmoja nimemzaa. Mmoja aliungua vidole kwenye jiko langu. Mmoja alinitazama kwa ubaya akanifanyia wema. Kalamu ashike mwingine."

Akailaza mkekani.

Dada Tunu yuko barabarani na sanduku lake, ameshasimamisha gari. Mabegi mawili yamekauka, la tatu limeshashonwa. Wasichana watatu wamekaa magoti yakigusana, na hakuna anayemtazama mwenzake. Bila Wande, mlango usingefunguliwa. Bila Nyanzobe, watu wangecheka mpaka mwisho. Bila Milembe, tungeuona uso mzuri tukaenda zetu, na kila mmoja wao alikuwa na wivu au majivuno mkononi alipokuwa akiitenda kazi yake.

Fomu ina nukta moja na nafasi ya jina moja. Basi wewe uliyekuwa unachambua mboga, futa mikono. Okota kalamu. Utaandika jina la nani, na ukishaliandika, utawaambia nini wale wawili watakaorudi nyumbani kuyaweka mabegi?